Wakili wa Mkoani Mwenye Koti la Mistari

Kutoka Arras hadi Paris kwa treni ya mwendokasi haimaliziki hata saa moja. Mtoto wa kaka yangu, anayesoma Lille, ndiye aliyekata tiketi, akanionya mapema nisije na vituko vya kubeba vyakula. Nilibeba hivyohivyo: chapati sita na mayai ya kuchemsha, nikafunga kwenye kanga.

Arras tulienda asubuhi kwa ajili ya mtu mmoja tu, Maximilien Robespierre, kiongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa. Alizaliwa hapo Mei 1758, akaenda kusoma Paris, akarudi kwao kufanya uwakili. Mtaa una jina lake, na nyumba aliyokaa kati ya 1787 na 1789 bado imesimama. Tuliitazama kwa nje, mvua ya rasharasha ikitumwagikia, kwa sababu mimi ndiye niliyechelewesha msafara nikitafuta miwani iliyokuwa kichwani pangu.

Kwenye treni nilimsimulia binti kesi niipendayo ya huyu bwana. Mzee mmoja wa mji wa Saint-Omer alifunga kinga ya radi juu ya paa lake, nchani ameweka upanga. Majirani wakaingiwa na hofu kwamba kitu kile kitawaitia radi, wakaenda kushtaki, na wakuu wa mji wakaamuru kiondolewe. Mwaka 1783 Robespierre, kijana wa miaka 25, akaitetea rufaa ile na kushinda. Hotuba zake akazichapisha, nakala moja akampelekea Benjamin Franklin mwenyewe, bingwa wa radi. Kijana alijua kujitangaza!

Kutoka kituo cha metro cha Saint-Paul ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Carnavalet, jumba la makumbusho la historia ya Paris. Kuingia ni bure. Ngazi zilinimaliza, lakini tulipofika kwenye vyumba vya Mapinduzi nilisahau magoti.

Picha ya Robespierre si kubwa. Ni ya rangi ya mafuta, ya 1790 hivi, na aliyeichora hajulikani. Nyuma ni giza tupu. Koti lina mistari, nywele zimepakwa unga zikakaa sawasawa, na kitambaa cheupe kimezungushwa shingoni hadi chini ya kidevu, kimekunjwa kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kukosolewa hata na kioo. Mdomoni kuna kitabasamu kidogo, kama kilichochungulia kikaghairi.

"Shangazi," binti akaninong'oneza, "huyu ndiye aliyekata watu vichwa? Mbona kama mwalimu wa hesabu?"

Nimekuwa karani wa mahakama miaka 31, na uso ule naujua. Ni yule wakili anayefika kabla mlango haujafunguliwa, jalada lake limepangwa, hapokei bahasha ya mtu, na hasahau jina la anayepokea. Watu wa Paris walimwita asiyehongeka. Mtu wa namna hiyo mimi namheshimu, ila nisingependa anihukumu. Mei 1791 alisimama bungeni kutaka adhabu ya kifo ifutwe. Januari 1793 alipiga kura mfalme auawe. Mchoraji alimkuta kabla ya yote mawili, mbunge mgeni kutoka mkoani.

Nililosimama kulitafakari zaidi lilikuwa jambo la kwetu, maana mimi mzaliwa wa Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Mei 1791 wenye makoloni walitaka neno "watumwa" liingie kwenye sheria, na huyu wa koti la mistari akasema afadhali makoloni yapotee kuliko taifa lipoteze heshima na uhuru wake. Wakafanyaje? Wakafuta neno, wakaandika "watu wasio huru". Ukarani mtupu! Utumwa ulifutwa kisheria Februari 1794, na mabepari wa Île de France wakakataa katakata. Maofisa walioleta amri hiyo 1796 walirudishwa melini.

Jumba hilohilo linahifadhi karatasi ya usiku wa 27 Julai 1794, Robespierre alipopinduliwa, ya kuwaita watu wa mtaa wake wachukue silaha. Chini imeandikwa "Ro", basi. Wapo wasemao risasi ilimkuta akiandika, na wapo wanaobisha. Kazini kwangu hati yenye sahihi ya namna hiyo ilikuwa inarudishwa dirishani. Kilicho hakika ni kwamba taya lilivunjwa kwa risasi usiku ule, na kesho yake, akiwa na miaka 36, alipandishwa kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa, taya limefungwa bendeji, mnyongaji akaivuta kwanza.

Nikarudi tena kwenye picha. Nilitazama kile kitambaa cheupe chini ya kidevu mpaka binti akanishika mkono.

"Shangazi, twende. Njaa."

Tulikaa kwenye benchi nje, nikafungua kanga. Aliyenicheka kwa kubeba chakula alikula chapati nne.