Wa saa kumi na moja naye kapewa dinari nzima

Mbukwenyi wapendwa. Hii posti imetokana na maneno niliyoyasikia msibani kule Mpunguzi. Tumeshamaliza kuzika, tumekaa chini ya mti tunasubiri chakula, shangazi yangu akasema taratibu lakini kwa uchungu kabisa, "Huyu kanywa pombe maisha yake yote, mke kamtesa, kaja kutubu kitandani roho inataka kutoka, leo mchungaji anatuambia yuko na Bwana. Na mimi niliyefagia lile kanisa tangu msichana?" Wenzake wakaitikia mhm. Sikumjibu, msibani sio mahali pa kubishana na mkubwa, ila tangu siku ile nalifikiria.

Mimi naamini yule mzee kaokoka kweli. Na shangazi naye kaokoka, tena kwa njia ileile aliyopita yule mzee, na hapo ndo panapouma.

Sisi watu wa Dodoma ule mfano wa Mathayo 20 ulitakiwa utuingie kuliko wengi, maana shamba la zabibu tunalijua kwa mikono yetu. Huku tunavuna mara mbili kwa mwaka na zabibu zikishaiva hazina subira, usipochuma zinaoza au ndege wanamaliza, kwa hiyo mwenye shamba anahangaika kutafuta vibarua. Yesu anasema yule mwenye shamba alitoka alfajiri akapatana na watu dinari moja, ndo ujira wa kutwa wa kibarua zama zile, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, mpaka saa kumi na moja jioni bado anakuta watu wamesimama tu nao akawachukua. Kwenye kulipa akaanza na hao wa mwisho, akawapa dinari nzima! Wale wa alfajiri wakajua basi sisi tutaongezewa, wakapewa dinari ileile waliyokubaliana, wakaanza kunung'unika. Sasa angalia, hakuna aliyepunjwa. Kilichowauma ni wema aliotendewa mwingine.

Paulo kwenye Waefeso 2:8-9 hajaacha mlango wa nyuma: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Na yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu, Luka 23, hakubatizwa, hakutoa zaka, hakuimba kwaya hata Jumapili moja, mikono yenyewe imefungwa msalabani asingeweza kufanya tendo jema lolote hata angetaka. Alichoweza ni kuomba akumbukwe, akaahidiwa paradiso siku hiyohiyo. Kama kuna kiwango cha matendo cha kufikisha ndo uokoke, huyu angekipatia wapi?

Ila bure kwetu haimaanishi hakuna aliyelipa, jamani. Petro anasema hatukukombolewa kwa fedha wala dhahabu, ni kwa damu ya Kristo. Ndo maana nakasirika sana, nasema wazi, nikiona mtu anauziwa maji au mafuta aambiwe bila hayo Mungu hamfungulii. Kitu kimeshalipiwa na Mwana wa Mungu wewe unakipangia bei kwa mama muuza mboga!

Na hii sio hoja ya walokole peke yao. Wakatoliki na Walutheri waliogombana kuhusu jambo hili tangu enzi za Martin Luther, miaka ya 1500 huko, walitia saini tamko la pamoja Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, sio kwa sababu ya stahili yoyote tuliyo nayo. Tofauti zimebaki, lakini kwenye hilo wanasema kitu kimoja.

Najua mtu atauliza, basi tutende dhambi tu si neema ipo? Paulo aliulizwa hilohilo, Warumi 6, akasema hasha. Na ukiendelea kusoma Waefeso ule mstari wa 10 unasema tumeumbwa katika Kristo tutende matendo mema. Matendo yapo, yanakuja baada ya kuokolewa, yanatoka kwa mtu aliyekwisha kupokelewa. Hata Yakobo anaposema imani bila matendo imekufa anaongelea imani ya mdomoni, hajasema ununue wokovu.

Kitu kingine ambacho huwa tunakiruka kwenye ule mfano ni wale wa saa kumi na moja walipoulizwa mbona mmesimama hapa mchana kutwa, wakajibu ni kwa sababu hakuna mtu aliyewaajiri. Aliyewahi kusubiri kibarua anajua kusimama kutwa bila kuitwa kulivyo, unawaza leo watoto watakula nini. Wa alfajiri walichoka na jua ndio, ila tangu asubuhi walikuwa na tajiri wao. Nikionana na shangazi nataka nimwambie hili kwa upole: miaka yote aliyofagia alikuwa na Yesu, amezika watoto akiwa naye, amelala njaa akiwa naye, na yule mzee miaka yote hiyo alikuwa peke yake na chupa.

Kwa hiyo kama una ndugu kalazwa, iwe pale hospitali ya General au nyumbani, na anasema mimi nimechelewa sana, usimwambie apone kwanza aanze kuja kanisani. Nenda leo, mpeleke na mchungaji kama anataka, msomee Luka 23.