Siku moja maishani mwangu: saa 6 mchana ndiyo kazi

Saa 10 alfajiri

Simu ikilia naiwahi kabla haijarudia, maana chumba ni kimoja na baba bado kalala. Baba ni mwanangu. Ana miaka 7, kachukua jina la marehemu mzee wangu, na jina la mzazi halitamkwi kavukavu, kwa hiyo ni baba tangu nilipotoka naye leba. Wasiotujua huchanganyikiwa. Wiki iliyopita mteja alinisikia nikisema kwenye simu, "Baba kala? Mwambie aoge," akanipa pole, akataka kujua mume wangu anaumwa nini.

Uani unga wa vitumbua umeshaumuka. Mchele kilo moja na nusu, nazi mbili, iliki, hamira: natoa vitumbua 70 hivi. Watu hudhani kitumbua ni kumimina na kugeuza tu. Chuma kikiwa hakijashika moto, kitumbua kinang'ang'ania. Mkaa ukizidi, kinabadilika rangi nje na ndani bado uji. Mie nasikiliza: tone la mafuta likitoa "chii" fupi shimoni, ndipo namimina. Nageuzia spoku ya baiskeli niliyoinoa ncha. Nimeshanunuliwa vijiti vya kila namna, hakuna kinachoifikia ile spoku.

Ya Alfajiri inaadhiniwa niko nusu ya beseni.

Saa 12

Vitumbua 40 vinachukuliwa na mgahawa wa jirani, vilivyobaki wanavifuata watu wa mtaani na mabakuli yao. Kimoja mia mbili. Ukitoa mchele, sukari, nazi, mafuta na mkaa, nabaki na elfu tatu, siku nyingine pungufu kwa sababu kuna watoto wanatumwa na bakuli bila hela, "mama kasema atakuja." Siwezi kumrudisha mtoto na bakuli tupu.

Kumwamsha baba ni kazi nyingine. Kiatu kimoja hakionekani. Kimepatikana, soksi imepotea. Halafu kaptula haina kifungo, tangu juzi, nimeishikiza kwa pini.

"Mama, wewe si fundi?"

Mganga hajigangi, nikamwambia. Akauliza mganga ni nani.

Saa 12:45

Tunapanda baiskeli. Asiyeijua Tanga hushangaa kuona mwanamke kavaa buibui anakanyaga pedeli, hapa kwetu hakuna anayegeuza shingo. Mji ni tambarare, nauli ya bodaboda kila siku sina. Baba anakaa kwenye keria, begi mgongoni, mikono kiunoni kwangu.

Nimegundua kuwa maswali mazito ananiulizia hapo hapo mgongoni, asikoniona uso. Leo tumetoka Makorora, hatujafika hata njia panda:

"Mama, yule baba mwingine anajua kuendesha baiskeli?"

Baba mwingine. Maana baba ni yeye.

"Anajua."

"Anaendesha vizuri kukushinda wewe?"

"Hapana." Hilo ni kweli, sikumdanganya.

Saa 2 mpaka saa 5 na nusu

Kibaraza chetu kiko Ngamiani, kule ambako barabara zinaitwa kwa namba. Tuko mafundi watatu: mie, dada mmoja wa mashuka na mapazia, na mzee wa overloki aliyeanza kushona kabla sijazaliwa. Asubuhi inakwenda: zipu mbili, suruali ya kupunguza, sare za shule, dera la mtu wa harusi. Hakuna la kusimulia. Mguu unakanyaga, akili inapiga hesabu ya uzi.

Saa 5:40

Ujumbe kwenye simu. Bi mkubwa, jirani yangu anayempokea baba kila siku akitoka shule, kapata msiba Muheza, yuko njiani anakwenda.

Wanaoniuliza mama wa peke yake anahangaikia nini hutegemea nitaje hela. Hela ni tatizo, sikatai. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilishafutwa, lakini daftari, viatu na mchango wa chakula havikufutwa. Ila hela unakopa, unalipa. Kinachonitoa jasho ni saa 6 mpaka saa 8. Darasa la kwanza wanatoka saa 6, chuo cha Qur'ani kinaanza saa 8, na kazi yangu inaisha saa 11 jioni. Zile saa mbili hazikopesheki. Bi mkubwa ndiye aliyeziziba, bila malipo, kwa kuwa tu nampelekea vitumbua viwili vya motomoto kila asubuhi.

Nikamwacha mteja na futi shingoni, nikamwambia nakuja.

Saa 6

Namkuta getini na mwenzake wanagombea kivuli kimoja. Hakuuliza mbona ni mie. Alipanda keria, akasema ana njaa.

Kibarazani nikamnunulia wali maharage kwa mama ntilie, tukala sahani moja, vijiko viwili. Kisha nikampa kazi. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, ya kuokotea pini. Akaingia chini ya meza akaiburuza sakafuni pole pole kama anavua samaki. Kila pini ikirukia sumaku anacheka. Alitoka na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Arobaini na tatu! Moja imepinda."

Hapo ndipo mwenye dera la harusi alipofika kujaribu. Mkono wa kulia unambana kwapani. Ni kosa langu, halina utetezi. Akamtazama mtoto, akanitazama mie, akasema, "Ndiyo haya, fundi. Kazi na mtoto haviendi pamoja."

Mkono ule niliukata juzi asubuhi, mtoto akiwa shule, kibaraza kimya kabisa. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia tu nitaufumua, aje kesho saa 4. Mzee wa overloki hakuinua kichwa, alisema tu, "Bibie, angalia unapokaa. Pini za hapo kaziokota huyo mtoto."

Alikaa.

Saa 8 mpaka jioni

Kanzu juu ya kaptula, kofia, juzuu mkononi, nikamsindikiza barabara mbili mpaka chuoni. Saa 10 alirudi mwenyewe, maana kutoka chuoni hakuna barabara kubwa ya kuvuka. Tukafunga, tukapitia sokoni Mgandini kuchukua vibua na nazi.

Saa 1 usiku

Simu imeingiza ujumbe: elfu thelathini. Ni ya baba mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi nafasi ya kwenda mahakamani kudai matunzo, lakini mie nilianzia ustawi wa jamii, tukakaa meza moja, tukaandikiana elfu sitini kwa mwezi. Mwezi mmoja inafika yote, mwingine nusu, mwingine naletewa hadithi. Nimeandika kwenye daftari la mapato, chini ya sare na juu ya vitumbua. Ugomvi nimeuacha.

Vibua vimekaangwa, baba anasoma silabi kwa sauti: ba be bi bo bu. Kafika "bu", kalala na kidole kwenye mstari.

Saa 3 na nusu

Nimesaga mchele. Blenda naifunika khanga mara mbili ili isimwamshe. Nimetia hamira, nimefunika beseni, nimekumbuka kaptula. Vifungo vyote viko kibarazani.

Nikaichomoa pini ile, nikakung'uta mifuko kabla ya kufua, kama kawaida. Ikadondoka ile pini iliyopinda. Na kifungo. Kikubwa, cheusi, cha koti, kimetoka chini ya meza yangu sina shaka, na hakifanani na kaptula ya kaki hata kidogo.

Tundu nimelipanua kidogo kikapita.