Bredibodi ikizingua, pima kwenye mguu wa IC wenyewe

Juzi nimekesha mpaka saa saba usiku na saketi ndogo tu kwenye bredibodi (ile bodi ya matundu ya kuchomeka vifaa bila kulehemu), NE555, yaani IC (chipu) ya kupima muda, inawasha na kuzima LED basi, lakini ikagoma kabisa. Nikikandamiza IC kwa kidole inafanya kazi vizuri, nikitoa kidole taa inapepesa ovyo au inazima. Nikabadilisha kapasita, nikabadilisha rezista, nikabadilisha na IC yenyewe maana ninazo kadhaa kwenye kopo, hali ni ile ile.

Shida ni kwamba nilikuwa napima sehemu ambayo sio. Maltimita (kipima umeme) nilikuwa naiweka kwenye reli ya umeme, ile mistari ya matundu ya pembeni inayosambaza umeme, naona volti 5 safi, naridhika naenda kutafuta tatizo kwingine. Baadae sana ndo nikagusisha ncha ya maltimita kwenye mguu wa 8 wa IC, unaoingiza umeme, pale pale kwenye chuma kinachoonekana juu ya tundu, nikakuta 3.2, inapanda 4, inashuka tena, na NE555 inataka angalau 4.5. Yaani umeme ulikuwa unapotea kati ya tundu na mguu!

Ndani ya bredibodi kila safu ya matundu matano ina kipande kimoja cha chuma chenye vibanio, na kila tundu lina kibanio chake kinachobana mguu kama kile cha kuanikia nguo. Sasa wiki iliyopita tundu lile lile nilichomeka dayodi ya 1N4007, mguu wake mnene, ukakipanua kibanio kikabaki wazi, kwa hiyo mguu mwembamba wa IC ukawa unagusa haugusi. Nikahamisha saketi nzima safu kumi mbele, ikapiga kazi papo hapo, na lile tundu nimelichora X kwa makapeni. Jamani msizoee kubana na selotepu mkaendelea, hamisheni.

Na kama nusu ya bodi haina umeme kabisa, angalia ule mstari mwekundu wa pembeni, kwenye baadhi ya bodi za matundu 830 umekatika katikati, na ukikatika ujue reli nayo imekatika, unganisha kwa waya mfupi, plas na negativu zote mbili.

Halafu waya za jampa, yaani za kuunganishia tundu na tundu, hizi zenye vichwa vyeusi vya plastiki, zinakatikia ndani ya kichwa na kwa nje huoni kitu. Zima umeme kwanza, weka maltimita kwenye mlio (inalia waya ukiwa mzima), shika ncha mbili za waya halafu upinde pinde karibu na kichwa huku unasikiliza, ukisikia mlio unakatika katika hata mara moja huo waya tupa, usiurudishe kwenye boksi. Jana nimekaa nazo zote 40, nimetupa saba.