Nywele zangu za mbele zimerudi

Kwa miaka miwili paji langu la uso lilikuwa linapanda juu. Pembeni, karibu na masikio, zilibaki nywele za kuhesabu. Nilipaka maji ya vitunguu (nyumba nzima ikanuka), nikahamia mafuta ya nyonyo, mwisho nikafunika kwa wigi la gundi. Gundi ikang'oa hata zilizobaki.

Daktari wa ngozi hakuanza na dawa. Aliuliza: "Ukitoka kusuka, usiku ule unalalaje?" Nikacheka. Nalala kifudifudi na panadol mbili, kama kila mtu! Akanionyesha kwenye kioo vipele vidogo vyeupe penye mashina ya nywele: ngozi inavutwa. Ikivutwa miaka mingi, vinyweleo vinakufa na hapo hazioti tena.

Basi nikafumua rasta, nikakaa miezi mitatu na mabutu niliyojifunga mwenyewe, bila kukaza. Niliporudi saluni nilimwomba dada msusi aache mstari wa mbele, upana wa kidole, asiuguse kabisa. Rasta ziwe fupi, maana ndefu ni mzigo. Na kabla sijalipa nanyanyua nyusi mbele ya kioo. Zikigoma kupanda, tunafumua palepale.

Mwezi wa tano tangu nifumue nikaona vinywele vipya, laini kama vya kichanga.