Siku yangu kwenye maabara ya nyama, Kisumu

Saa moja asubuhi nishafungua, nta inayeyuka. Majirani Nyalenda wanadhani napima malaria. Mimi nakata nyama ya binadamu: kipande kilichotolewa na daktari wa upasuaji nakizamisha kwenye nta, ikiganda nakikata kwa maikrotomu kwa unene wa maikroni 4. Ukikipumulia tu, kinapeperuka. Hadi saa nne nimemaliza kukata.

Saa nne na nusu akaingia mzee kutoka Siaya na mkebe. Ndani, utumbo mpana wa mdogo wake, umeshindiliwa hadi kifuniko hakifungi, fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, imelowesha chini tu. Fomalini yafaa izidi nyama angalau mara 10! Nikauhamishia kwenye ndoo.

"Majibu saa ngapi, binti yangu?"

"Wiki ijayo, mzee."

"Wiki? Damu si mnapima nusu saa?"

Akaketi. Akampigia "mkubwa" fulani, akanipa simu niongee naye. Mkubwa naye anataka majibu leo. Nikaeleza tena: fomalini hupenya polepole, ukiiharakisha katikati panaoza, na kipimo kitadanganya. Saa sita mzee yuko palepale.

Basi nikamweleza ninachokitafuta. Jeni ya HER2 sote tunayo, kwenye kromosomu ya 17. Protini yake hukaa juu ya seli na kuihimiza igawanyike. Makanga mmoja stendi hana neno. Seli nyingine za saratani zina kundi zima la makanga, wote wanaita kwa pamoja. Kwenye saratani ya utumbo mpana, wa namna hiyo ni kama 3 kati ya 100, lakini hao wanaweza kufaidika na dawa zilizoanzia kwenye saratani ya matiti.

Akanyamaza kidogo. "Ndugu yangu yumo kwa hao watatu?"

"Hilo ndilo tunalotafuta, mzee."

Akaondoka bila kuaga.

Mchana stima ikapotea slaidi za mgonjwa mwingine zikiwa kwenye maji ya moto, kingamwili, ile inayonasa protini ya HER2, hata haijawekwa. Jenereta ikagoma. Nikaanza upya, miguu inawaka moto, chai imepoa mezani. Giza lilikuwa limeingia nilipoweka slaidi chini ya hadubini: rangi ya kahawia imezunguka kila seli, nzito kama kwenye nyama ya matiti ya kulinganishia. Kwa macho yangu hiyo ni 3+, alama ya juu kabisa ya HER2, ila kusema ni kazi ya daktari wa patholojia, naye ameshaenda nyumbani.

Niko kwenye bodaboda, simu ikalia.

"Binti yangu, wiki ijayo ni Jumatatu au Jumanne?"

"Ijumaa, mzee."