Pini moja tu, jamani

Leo nimetokwa jasho dukani kwa fundi pale Stendi Ndogo, na baridi yote hii ya Arusha.

Kwenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, mimi ni mtu wa kampuni ya Intel tangu chuo. Mashine yangu ni Core i5 ya kizazi cha 8. Ukitaka kuvuka cha 9, nunua na mazabodi mpya, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Washkaji wa AMD, wapinzani wa Intel, wamenicheka weee, maana soketi yao ya AM4, pale prosesa inapokaa kwenye bodi, imebeba prosesa zao za Ryzen za 2017 hadi 5800X3D ya 2022, ile yenye kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 wanayoipenda wacheza gemu.

Basi nikahama. Ryzen 5 5600 ya mtumba, na bodi yake.

Kuifungua tu, pini moja ya kona imelala! Kwa Intel pini ziko kwenye bodi. Huku AM4 zimeota chini ya prosesa, 1,331, nyembamba kama nywele.

Fundi hakusema kitu. Akazima redio, akavaa miwani, akatoa wembe.

Akaiinua taratiiibu. Mama akapiga simu, sikupokea.

Imewaka!

Haya, watu wa Intel, nitukaneni kidogo kidogo. Nani mwingine kahama?