Nilivyofikisha mchele wa Kahama sokoni Kigali

Ninaishi Benako, wilaya ya Ngara, pale njia inapogawanyika: moja inashuka Rusumo kwenda Rwanda, nyingine inaelekea Kabanga kwenda Burundi. Malori ya kutoka Dar es Salaam yanapita mlangoni kwetu usiku na mchana. Kwa miaka mingi tuliyauzia chai, chapati na ndizi za kuchoma, yakaondoka na biashara yenyewe. Kutoka kwetu hadi Kigali ni safari ya nusu siku, bahari ni safari ya siku mbili kwa lori. Mwaka 2018 nikasema na mimi nipeleke mzigo.

Nilichagua mchele kwa sababu Rwanda inanunua mwingi kutoka kwetu, na Kahama haiko mbali: unapita Lusahunga, Nyakanazi, Ushirombo, Masumbwe, umefika. Nikanunua magunia 20 kwenye mashine tatu tofauti za kukoboa, popote nilipopata bei nafuu. Wakala mmoja akaniambia nimpe hela, ataupitisha mchele wangu kwa karatasi za mtu mwenye mzigo mkubwa. Nikampa.

Mzigo ulikaa siku nne mpakani. Jina kwenye karatasi halikuwa langu, cheti cha afya ya mimea hakikuwepo, na simu ya wakala haikupokelewa tena. Nililala kwenye fuso pamoja na dereva huku mvua ikinyesha, na turubai lilikuwa na tundu juu ya magunia mawili ya pembeni. Hata sampuli nilizobeba kwenye mifuko ya nailoni zilimwagwa, maana Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, nami sikuwa na habari.

Siku ya tatu nilimfuata afisa forodha mmoja dirishani, nikamweleza kila kitu bila kuficha. Hakunigombeza. Akanionyesha fomu ya ukurasa mmoja: cheti cha uasili kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani karatasi inayoonyesha bidhaa imetoka wapi. Kinatolewa pale pale mpakani, bure, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, mradi thamani ya mzigo isizidi dola 2,000. Ukiwa nacho, hutozwi ushuru wa forodha. Kodi za ndani za nchi unayoingia zinabaki palepale, na vipimo vya afya ya mimea ni lazima, kwa hiyo asije mtu akakudanganya kwamba kile cheti kinafuta kila kitu. Nilitoka pale na uchungu mkubwa. Hela niliyompa wakala ingelipa nauli ya gari kutoka Kahama.

Kigali nako kulikuwa na somo lake. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo miadi yangu ya saa mbili asubuhi nilifika milango ikiwa bado imefungwa. Mnunuzi alikuwa mzee wa Nyamirambo, Kiswahili chake kizuri. Alichoma gunia la kwanza kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchukulia sampuli, akamimina mchele kiganjani, akapuliza, akatafuna punje mbili. Akaenda la pili, la tano, la kumi na moja. Kila mara alimwaga kiasi kidogo juu ya gazeti, akapanga vifungu mstari mmoja. Kisha akaniita, "Mama, tazama mwenyewe." Kimoja kilikuwa cheupe na kirefu, kingine kimejaa chenga, cha tatu kina rangi ya moshi. "Mchele wako mzuri, mama, lakini si mmoja. Mteja wangu akinunua leo na kesho, anataka ale chakula kile kile." Alinunua magunia 12 kwa bei ya chini. Yaliyobaki niliyauza rejareja kwa shida, na yale mawili yaliyolowa nilipata hasara tupu.

Niliporudi nikabadilisha namna ya kununua. Niliacha mchele uliokobolewa, nikanunua mpunga wa eneo moja, wa mbegu moja, nikaukoboa kwenye mashine moja huku nimesimama pale. Bambo nikanunua langu. Magunia tukajaza kilo 100 kamili, bila lumbesa, yaani bila kuyajaza kupita kipimo. Kwa bei ya wakati ule, shilingi 1,700 kwa kilo na dola kwa 2,300, cheti kile kiliniruhusu kama kilo 2,700. Fuso haijai kwa hizo, na nauli ya gari lenye nafasi tupu inakula faida yote. Ndipo nikawatafuta kina mama wenzangu wawili, kila mmoja na mtaji wake, magunia yake yenye alama yake, na cheti chenye jina lake. Gari moja, wenye mzigo watatu. Safari hiyo tulivuka Rusumo kwa saa chache. Kwa utaratibu wa kituo cha pamoja unapita daraja bila kusimama upande wetu, ukifika ng'ambo unawakuta maafisa wa nchi zote mbili kwenye jengo moja.

Yule mzee alichoma magunia manne tu, akaacha. Akauliza tutarudi lini.

Sasa mzigo wangu umevuka kile kiwango, natumia cheti kamili cha uasili cha kutoka chemba ya wafanyabiashara, TCCIA, na ninaandaa karatasi kabla gari halijaondoka Kahama. Kinachoniumiza ni safari ya kurudi. Fuso inatoka Kigali tupu hadi nyumbani, na nauli hiyo lazima niiweke kwenye bei ya mchele. Wiki ijayo navuka tena, nitazunguka na mzee sokoni nione ni bidhaa gani ya Rwanda inaweza kuuzika Benako na Ngara mjini.